Mtoto Tumtume Bia, au Tumtume Aonye Wenzake?

Iko kazi moja njema inayofanywa na vijana katika miji na vijiji vya nchi yetu, ambayo haijapata kuungwa mkono kama inavyostahili. Ni kazi ya kuwaonya vijana wenzao wasiianze pombe wakiwa bado watoto. Wanaoifanya ni wanafunzi wa sekondari wanaozungumza na wenzao baada ya masomo. Ni wasichana na wavulana wa mitaani wanaokaa vijiweni pamoja na rika lao, si kwa kupoteza wakati, bali kwa kumvuta mmoja mmoja asifuate mkumbo. Siku hizi huitwa waelimishaji rika, jina lililozoeleka tangu wakati wa mapambano dhidi ya UKIMWI. Wengi wao hawana mshahara wala ofisi. Silaha yao ni ulimi, na mtaji wao ni kuaminiwa na wenzao.

Leo tunaandika kuwatetea vijana hao. Lakini hatutawatetea kwa kuwapigia makofi, maana makofi wamekwisha kupigiwa mengi. Kila penye sherehe huitwa wakasema ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi hutikisa kichwa kwa furaha, wazee hutikisa vichwa pamoja naye, na picha hupigwa. Kisha jua likitua, baadhi ya wazee wale wale waliotikisa vichwa humwita mtoto wa nyumbani, wakampa noti mkononi na kumwambia, "Kimbia dukani ukaniletee bia mbili za baridi." Hapo ndipo lilipo shauri letu la leo. Mtoto hawezi kuwa tarishi wa pombe jioni na mjumbe wa kuizuia asubuhi. Hapana budi sisi wakubwa tuchague moja.

Kwanza na tukubaliane juu ya ubaya wenyewe, maana wapo wasemao kwamba bilauri moja haimdhuru mtoto, na kwamba wao walionja wakiwa wadogo na leo ni watu wazima wenye kazi zao. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2024, lilieleza kwamba pombe ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Hayo ni ya watu wote. Kwa mtoto liko jambo la zaidi. Ubongo wa mwanadamu hauishi kukua siku anapomaliza shule ya msingi; huendelea kujijenga mpaka anapoingia katika miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa zaidi kukomaa ni ile inayotuwezesha kupima mambo na kujizuia. Kumpa kileo mtu ambaye breki zake hazijakazwa ni sawa na kumkabidhi gari mlimani.

Huko Marekani wataalamu wawili, Grant na Dawson, walichapisha mwaka 1997 matokeo ya uchunguzi uliohusu maelfu ya watu wazima. Waliona kwamba miongoni mwa watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, zaidi ya 40 katika kila mia walipata kuwa watumwa wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Lakini miongoni mwa waliongoja mpaka miaka 20, waliopatwa na utumwa huo walikuwa kama 10 tu katika kila mia. Huenda mtu akasema kwamba wanaoanza mapema ni watoto waliokwisha kuwa na matatizo mengine, na neno hilo lina kweli yake. Hata hivyo, tofauti ya 40 na 10 si tofauti ya kupuuzwa na mzazi yeyote mwenye akili timamu. Kila mwaka ambao mtoto anakaa mbali na chupa ni mwaka wa faida kwake, kwa nyumba yake na kwa taifa lake.

Wapo pia watakaotuambia kwamba pombe ni mila yetu, na kwamba kuikataza ni kuiga mambo ya wageni. Hao tunawaomba waitazame mila yenyewe vizuri. Ni kweli kwamba mbege ya Kilimanjaro, rubisi ya Bukoba, ulanzi wa nyanda za juu za kusini na tembo la mnazi la pwani ni vinywaji vya wazee wetu tangu zamani. Lakini vilikuwa vinywaji vya nani? Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki pombe ilikuwa heshima ya wazee. Ilinywewa katika mahari, katika matambiko, katika kusuluhisha ugomvi na baada ya kazi ya pamoja, na aliyeigawa alijua nani aanze na nani asiguse. Kijana asiyekuwa na mke wala shamba hakuketi kwenye mtungi wa wazee akanywa apendavyo. Mwanahistoria Justin Willis, aliyeandika kitabu kizima juu ya historia ya vileo katika Afrika Mashariki, ameeleza kwa urefu jinsi mamlaka ya wazee na mtungi wa pombe vilivyokwenda pamoja. Basi kijana anayemwambia mwenzake, "Sisi bado, tungoje," haigi wageni. Anasema maneno ambayo babu yake angeyakubali.

Lililovunja mila si vijana, ni biashara. Mtungi ulikuwa na mwenyewe, nao ulichukua siku kadhaa kuiva. Kinywaji cha dukani hakina mwenyewe wala hakina siku. Kinamngoja yeyote mwenye sarafu. Na hapana mfano ulio wazi kuliko ule wa viroba. Wengi wetu tunakumbuka vizuri vipakiti vile vya plastiki vilivyojazwa pombe kali, vikauzwa kwa bei ya peremende kwenye vibanda, kwenye vituo vya mabasi na hata karibu na malango ya shule. Kiliweza kufichwa katika soksi au katikati ya kurasa za daftari. Mwanafunzi angeweza kukimaliza chooni wakati wa mapumziko na kurudi darasani akiwa amelewa, na mwalimu asijue amenywa nini wala saa ngapi. Mwezi wa Februari mwaka 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mwisho umefika, na kuanzia tarehe 1 Machi mwaka ule viroba vikapigwa marufuku Tanzania. Uganda nayo ilivikataza mwaka 2019. Kenya, katika sheria yake ya vileo ya mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi, ikaamuru kwamba mahali pa kuuzia pombe pawe umbali usiopungua mita 300 kutoka shule za watoto.

Tunataja habari ya viroba kwa sababu ina fundisho kubwa kwa vijana wetu waonyaji. Kabla ya mwaka 2017 kijana angeweza kuwasihi wenzake kutwa nzima juu ya ubaya wa kiroba. Lakini kila aliyetoka kumsikiliza alikikuta kiroba hatua ishirini mbele yake, kwa shilingi alizokuwa nazo mfukoni. Neno la kijana lilishindana na kibanda, na kibanda kilikuwa wazi tangu alfajiri. Serikali ilipokiondoa kiroba, neno la kijana lilipata nafasi ya kupumua. Hata hivyo kazi haijaisha, maana chupa ndogo za pombe kali zinaonekana madukani, na gongo haijapata kukosa mpikaji. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe: neno bila sheria ni kelele, na sheria bila neno ni karatasi.

Hatusemi hivi kwa kubahatisha. Nchi yetu yenyewe imekwisha kuijaribu njia ya kuwatumia vijana kuwafundisha vijana, na imeipima. Katika mkoa wa Mwanza, kuanzia mwaka 1999, ulifanyika mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana, uliohusu afya ya uzazi na kinga ya UKIMWI. Vijiji viligawanywa katika maeneo 20. Katika maeneo 10 walimu wa shule za msingi walifundishwa masomo maalumu, wakisaidiwa na wanafunzi waliochaguliwa kuwaelimisha wenzao kwa michezo ya kuigiza, na zahanati zikaandaliwa kuwapokea vijana kwa upole. Maeneo 10 mengine yakawekwa kuwa ya kulinganishia. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2007 yalikuwa ya namna mbili. Ujuzi wa vijana uliongezeka sana, na maneno yao juu ya tabia njema yakawa mazuri. Lakini damu zilipopimwa, maambukizo hayakuonekana kupungua kwa sababu ya mradi ule. Watoto walijua, nao walisema sawasawa. Bali maisha waliyorudi kuyaishi nje ya darasa yalikuwa yale yale.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba basi kuwatumia vijana ni kazi bure. Hatukubaliani naye. Liko jaribio lingine la kulitia karibu na hilo. Huko Uingereza na Wales ulifanyika mpango wa kuzuia uvutaji wa sigara katika shule 59, wenye wanafunzi 10,730 wa umri wa miaka 12 na 13, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Katika shule zilizopata mpango huo, waonyaji hawakuchaguliwa na mwalimu mkuu. Wanafunzi wenyewe waliulizwa ni nani kati yao wanayemheshimu na kumfuata. Waliotajwa na wengi ndio walioitwa, wakafundishwa nje ya shule kwa siku chache, wakarudi bila hotuba wala bango, wakazungumza na wenzao njiani, katika basi na wakati wa kula. Uvutaji ulikuwa mdogo katika shule hizo kuliko katika shule nyingine, na tofauti ilionekana katika muda wa miaka miwili. Ni kweli kwamba ilikuwa sigara, si pombe. Lakini njia ni ile ile: mtoto akimvuta mtoto.

Tukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja tunapata mafunzo mawili ambayo kila mwalimu, kila kiongozi wa vijana na kila mzazi angefaa kuyashika. La kwanza ni juu ya nani achaguliwe. Sisi tuna mazoea ya kumchagua kiranja, mtoto mwenye shati jeupe na alama nzuri, ambaye hajapata kukosea. Kijana huyo ni mwema, lakini mara nyingi wale walio hatarini hawamsikilizi, kwa kuwa wanamwona ni sauti ya mwalimu iliyovaa kaptula. Yuko mwingine: yule mshambuliaji wa timu ya mpira, yule msichana ambaye wenzake wote humwendea wakiwa na siri, yule kondakta wa daladala mwenye miaka 19 ambaye utani wake hurudiwa mtaa mzima. Akikubali huyo kusema, "Mimi siigusi," mtaa husikia.

La pili ni juu ya wapi aseme na aseme nini. Ngonjera ina mahali pake, nasi hatuidharau, kwa kuwa ni sanaa yetu. Lakini pombe haimjii mtoto mkutanoni. Humjia usiku wa mahafali, kwenye harusi ya jirani, kwenye ngoma, nyuma ya grosari anapongoja kutumwa, au pale kijana wa bodaboda anapomkaribisha fundo moja ili aonekane mwanamume. Neno la kumwokoa linahitajiwa hapo, na anayeweza kuwapo hapo si mwalimu wala mhariri. Ni rafiki yake.

Na neno lenyewe lisiwe la kutisha tu. Vijana hudhani kwamba wenzao wote wanakunywa, na yule asiyekunywa hujiona ni yeye peke yake duniani. Wataalamu wa Marekani waliligundua jambo hilo katika chuo kimoja na kulichapisha mwaka 1986: wanafunzi walidhani wenzao wanashabikia ulevi kuliko ilivyokuwa kweli. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa Mwanza na Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba unywaji ulikuwa mkubwa zaidi kwa vijana wa vyuo kuliko kwa wanafunzi wa sekondari. Maana yake ni kwamba mlango wa kuingilia ulevini uko hapo katikati, na kwamba mwanafunzi wa sekondari anayekataa ana wenzake wengi wanaokataa, ila kila mmoja amenyamaza. Kazi ya kwanza ya mwonyaji wa rika ni kuwafanya walionyamaza wajuane.

Lakini tuliahidi kusema juu ya wakubwa, na ahadi ni deni.

Mwaka 1981, katika mji mdogo wa Wayland, jimbo la Massachusetts huko Marekani, wanafunzi wawili wa shule moja walikufa katika ajali za barabarani kwa muda mfupi. Mwalimu wao wa michezo, Robert Anastas, akakaa na wanafunzi wake, wakaanzisha chama cha wanafunzi cha kupinga kuendesha gari kwa ulevi. Chama hicho, kiitwacho SADD, kilienea katika shule nyingi za nchi ile. Kilichotuvutia zaidi si ukubwa wake, bali ni mkataba waliouandika. Mkataba ule una pande mbili. Mtoto anaahidi kwamba akijikuta mahali penye hatari, ama yeye amekunywa ama mwenye gari amekunywa, atawaita wazazi wake saa yoyote. Mzazi naye anaahidi kwamba atakwenda kumchukua saa hiyo bila maswali wala matusi, na maneno yatangoja mpaka kesho. Tena anaahidi kwamba yeye mwenyewe hataendesha gari akiwa amelewa. Wote wawili wanatia sahihi.

Tazameni hekima ya jambo hilo. Mtoto hakuambiwa tu, "Usifanye." Mzazi naye alifungwa. Na wakubwa wa nchi ile hawakuwaachia wanafunzi mzigo wote. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya taifa iliyozibana serikali za majimbo kwa kuzinyima sehemu ya fedha za barabara mpaka zikubali kwamba asiye na miaka 21 asiuziwe pombe. Na ilipofika mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Vijana walisema kwa upande wao, nayo sheria ikasema kwa upande wake.

Nchi ya Iceland, kisiwa cha baridi kilicho mbali kaskazini, imetoa mfano mwingine. Mwaka 1998 vijana 42 katika kila mia wenye umri wa miaka 15 na 16 walisema kwamba walilewa katika mwezi uliopita. Ilipofika mwaka 2016 waliosema hivyo walikuwa 5 tu katika kila mia. Walifanyaje? Hawakuongeza hotuba. Walipima hali ya vijana katika kila shule na kuwapelekea wazazi majibu upesi. Umri wa kununua pombe uliwekwa kuwa miaka 20. Watoto walipangiwa saa ya kuwa nyumbani usiku, na wazazi wakatembea mitaani kwa zamu kuhakikisha. Katika mji mkuu, Reykjavik, familia zilipewa fedha za kulipia michezo, muziki na kazi za mikono za watoto, ili kijana apate mahali pa kuipeleka nguvu yake. Hatusemi tuige kila kitu, kwa kuwa mifuko yetu si sawa na yao. Lakini kutembea kwa zamu na kumjua mtoto wa jirani si mambo ya fedha. Hayo tulikuwa nayo zamani kuliko wao.

Sasa tuitazame nyumba yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, nayo inakataza mtoto kuuziwa kileo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilikwisha kuweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Chupa zenyewe zina maandishi ya kukataza kuuziwa aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hatuna upungufu wa maneno. Upungufu wetu uko mezani pa muuza duka. Mtoto wa miaka 9 anasimama pale na noti yake, na muuza duka anamhudumia kwa kuwa anajua ametumwa na baba fulani. Kesho anarudi tena, na muuza duka hana njia ya kujua kama safari hii ametumwa au amejituma. Tumewafundisha wauza duka kutouliza. Tumewafundisha watoto kwamba chupa ni kitu cha kawaida mikononi mwao, na kwamba chenji hubaki kwao. Halafu tunamwita kijana mmoja, tunampa fulana yenye maandishi, na kumwambia aende akazuie ulevi wa watoto!

Huu si uonevu mdogo. Kijana mwonyaji hujitoa mbele ya wenzake na kuchekwa. Wenzake humuuliza, "Na baba yako je? Si wewe tuliyekuona jana umebeba chupa?" Akikosa jibu, anapoteza mtaji wake wote, yaani kule kuaminiwa. Mzazi aliyemtuma hajui kwamba kwa bia mbili ameinunua heshima ya mwanawe na kuimaliza jioni moja.

Ziko hoja mbili ambazo hapana budi tuzijibu. Ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba kuwakataza watu pombe ni tabia ya wakoloni. Ni kweli kwamba mkoloni alikataza. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain mwaka 1919, kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Na chini ya tawala zile Mwafrika alinyimwa vinywaji ambavyo Mzungu alivinywa mbele yake, si kwa sababu ya umri wake bali kwa sababu ya rangi yake. Mtu mzima mwenye wajukuu alihesabiwa kuwa mtoto. Dharau ile tuliikataa, na tulikuwa na haki. Lakini kumheshimu mtu mzima kuwa mtu mzima kunadai vilevile kumtambua mtoto kuwa mtoto. Sheria yetu haiulizi rangi ya mtu wala kabila lake. Inauliza miaka yake, na miaka hiyo kila mmoja ataifikia.

Hoja ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba pombe huiletea serikali kodi nyingi na huwapa watu kazi, kwa hiyo tusiiguse. Sisi hatukusudii kufunga kiwanda chochote. Wenye viwanda wenyewe hutangaza kwamba vinywaji vyao si vya watoto. Ikiwa wanasema kweli, kuwaondoa watoto katika wanunuzi hakutawapunguzia hata senti moja. Na ikiwa kutawapunguzia, basi tutakuwa tumejua fedha ile ilikuwa inatoka wapi, na hapana serikali ya watu inayotaka kujengewa barabara kwa sarafu ya mtoto mlevi.

Basi tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji wafadhili kutoka mbali.

Kwanza, kila nyumba iweke sharti kwamba mtoto hatumwi pombe, iwe ya chupa au ya kibuyu, iwe ya baba au ya mgeni aliyekuja kwa heshima. Mwenye kutaka kunywa na ainuke kwa miguu yake. Sharti hili halina gharama yoyote ila uvivu wetu, na litampa muuza duka jibu rahisi: mtoto yeyote anayekuja kutaka pombe hapewi, hata ataje jina la nani.

Pili, vijana waonyaji wapewe nafasi ya kusema pale mambo yanapoamuliwa. Katika nchi nyingine vijana huzunguka mitaani wakihesabu maduka ya pombe yaliyo karibu na shule na matangazo yaliyowekwa mbele ya macho ya watoto, kisha huyapeleka hesabu hizo kwa wakubwa. Vijana wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Wachore ramani ya mtaa wao, waipeleke kwa serikali ya mtaa au ya kijiji, na halmashauri iitazame kabla ya kutoa leseni mpya au kuendeleza ya zamani. Hatutaki wawe wapelelezi wa kuwataja wenzao waliokosea. Mwenzao aliyekosea ni mgonjwa wao. Wataje maduka, si watoto.

Tatu, shule ziwaulize wanafunzi wenyewe ni nani wanayemsikiliza, nao walimu wasiogope jina litakalotajwa. Na kijana huyo asiachwe peke yake. Awe na mwalimu au muuguzi mmoja anayeweza kumwendea, kwa kuwa siku moja rafiki atamwambia kwamba amekwisha kuzoea pombe, au kwamba baba yake hupiga watu nyumbani akilewa, na mzigo huo ni mzito kwa mabega ya miaka 16.

Nne, kijana anayekatazwa pombe aonyeshwe kitu kingine. Uwanja wa mpira ulio karibu na kilabu usimezwe na kilabu. Maktaba, kwaya, ngoma, bustani, ufundi wa jioni: hivi vyote ni waonyaji wasiosema. Mkono mtupu haulambwi, na jioni tupu hujazwa na yeyote anayekuja kwanza.

Ndugu wananchi, vijana hawa wametufanyia hisani kubwa. Wamesema na watoto wetu maneno ambayo sisi tuliona haya kuyasema, kwa kuwa pumzi zetu zingetusuta. Wazee walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema ndivyo umwambiavyo. Wiki hii, katika nyumba nyingi, mtu mzima ataketi kibarazani jua likizama, ataona kiu, na mtoto atakuwa karibu. Atakalofanya mtu mzima huyo litampa nguvu kijana mwonyaji wa mtaa wake, au litamziba mdomo. Tunamwomba ainuke mwenyewe.